Hewa ya Ukaa, Mto Ruaha Mkuu na Wajibu wa Kada

Mvua inapochelewa Mbeya na Iringa, husikika kauli mbili. Ya kwanza: "Ni mapenzi ya Mungu." Ya pili, hata vinywani mwa viongozi: "Ni mabadiliko ya tabianchi." Zikiachwa bila uchambuzi, zote mbili humwondolea binadamu wajibu.

Tuanze na msingi. Kaboni huzunguka. Mimea huvuta hewa ya ukaa na kujijenga kwayo. Kuoza na kuungua huirudisha angani. Sehemu yake ilizikwa ardhini, ikawa makaa ya mawe na mafuta kwa mamilioni ya miaka. Ubepari wa viwanda umeichimbua akiba hiyo na kuichoma kwa muda wa karne mbili na ushee tu. Matokeo yake, hewa ya ukaa imepanda kutoka sehemu 280 hivi katika kila milioni hadi zaidi ya 420. Joto hunaswa na majira huyumba. Mchango wa Afrika nzima kwa mwaka ni takriban asilimia 4 tu. Kwa hiyo mdaiwa mkuu anajulikana.

Je, deni hilo linafuta makosa yetu? Hapana. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sababu kubwa si upungufu wa mvua, bali maji yanayochepushwa Usangu kwa ajili ya mpunga kabla hayajafika kinamasi cha Ihefu, mengine yakipotea mifereji ikiachwa wazi baada ya mavuno. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu, lakini mto uliendelea kukauka. Hapo tunajifunza kwamba kumtwisha mnyonge mmoja lawama si uchambuzi.

Tena, kinamasi kikikauka na msitu ukigeuzwa mkaa, kaboni iliyohifadhiwa humo hurudi angani. Kosa la maji ni kosa la kaboni pia.

Mwaka 1972, mjini Iringa, TANU ilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Kilimo ni maji. Hivyo basi wajibu wetu ni huu: kwanza, tudai haki kwa mataifa yaliyochafua anga, pili, tuwakutanishe wakulima na wafugaji wagawane maji kwa mpango, tatu, tulinde vyanzo na tufunge mifereji baada ya mavuno. Kada anayelaani ubeberu jukwaani huku mfereji wa shamba lake unamwaga maji mwezi wa Septemba, hajaelewa somo.