Asili ya Uhai: Baina ya Maabara, Falsafa na Fikihi

Miongoni mwa maswali yaliyomshughulisha mwanadamu tangu zamani ni hili: uhai ulianzaje juu ya ardhi? Wapo wanaodai kwamba sayansi imekwisha kulijibu, na kwa hiyo hakuna tena haja ya kumtaja Muumba. Na wapo katika sisi Waislamu wanaowajibu kwamba sayansi imeshindwa, na kushindwa kwake ndiyo dalili ya kuwepo Mwenyezi Mungu. Makundi haya mawili, pamoja na ugomvi wao, yamekubaliana juu ya jambo moja lisilo sahihi: kwamba kitu kikishajulikana sababu yake ya kimaumbile, Mungu hana tena kazi ndani yake. Wanavyuoni wetu waliotangulia hawakulifahamu jambo hili hivyo, na historia inashuhudia.

Kauli ya wanafalsafa

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba baadhi ya viumbe huzuka bila ya baba wala mama. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Miladia, alifundisha kwamba wako wadudu na hata samaki wanaotokana na matope na vitu vilivyooza. Vitabu vyake vilipofasiriwa kwa Kiarabu, kauli hiyo iliingia katika elimu ya Waislamu.

Ibn Sina (aliyefariki 428 Hijria/1037 Miladia) alikwenda mbali zaidi. Aliona kuwa inawezekana, baada ya gharika kubwa, hata mwanadamu akatokea tena kutokana na udongo uliochanganyika kwa uwiano maalumu. Ibn Tufayl wa Andalus (581/1185), katika kisa chake cha Hayy bin Yaqdhan, alitaja riwaya mbili za kuzaliwa kwa Hayy: moja inasema alizaliwa na mama akatiwa sandukuni na kuachwa baharini, na nyingine inasema alitokana na udongo uliochachuka kisiwani. Ibn Rushd (595/1198) alimpinga Ibn Sina, akashikilia kwamba mtu hazaliwi ila na mtu.

Tuzingatie hapa: mabishano yao hayakuwa juu ya kuwepo kwa Muumba. Ibn Sina hakusema kwamba udongo unajiumba. Kwake yeye udongo hutayarika tu kupokea, na uhai huutoa mwenye kuutoa.

Kauli ya mafakihi

Mafakihi nao walilikuta suala hili jikoni. Je, vidudu vinavyoonekana ndani ya siki au tunda vinaliwa? Imam Nawawi (676/1277), katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa hadi leo katika madhehebu ya Shafii, mwambao wa Afrika Mashariki ukiwemo, alivitaja kuwa ni vidudu vilivyozaliwa na chakula hicho. Kauli aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba vinaruhusiwa vikiliwa pamoja na chakula chenyewe.

Leo tunajua kwamba vidudu hivyo hutoka katika mayai. Je, hukumu imeanguka? La. Sababu waliyoitaja wafafanuzi ni uzito wa kuvitenga na chakula, na kwamba vimekuwa kama sehemu yake. Uzito huo upo pale pale, kiwe kidudu kimetoka katika yai au katika tunda. Elimu ya maumbile imebadilika, na hukumu imebaki kwa kuwa illa yake ilikuwa mahali pengine.

Kauli ya maabara

Mwaka 1668 tabibu wa Kiitalia, Francesco Redi, aliweka nyama katika vyombo, vingine wazi na vingine vimefunikwa kwa kitambaa. Funza walitokea katika nyama iliyofikiwa na nzi tu. Baadaye Louis Pasteur wa Ufaransa, katika majaribio yaliyompatia tuzo mwaka 1862, alichemsha mchuzi ndani ya chupa zenye shingo ndefu iliyopinda. Hewa iliingia, lakini vumbi na vijidudu vyake vilinasa shingoni, na mchuzi haukuoza.

Wako waliofurahi na kusema kwamba Pasteur amethibitisha kuwepo kwa Mungu. Lakini alichothibitisha ni kwamba vijidudu havizuki katika mchuzi uliochemshwa. Uhai wa kwanza ulivyoanza ni swali jingine. Oparin wa Urusi mwaka 1924, na Haldane wa Uingereza mwaka 1929, walitoa nadharia kwamba hali ya ardhi ya kale iliruhusu kemikali kujijenga hatua kwa hatua. Mwaka 1953 Stanley Miller, aliyekuwa Chicago, alitangaza kwamba amepitisha cheche za umeme katika mchanganyiko wa methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji, akapata asidi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini.

Matofali si nyumba. Hadi leo hakuna aliyetoa seli hai kutokana na kemikali tupu, na wataalamu wanahitilafiana: je, ilikuwa katika vidimbwi vya nchi kavu au katika chemchemi za moto chini ya bahari? Hata hivyo, utafiti unaendelea, na hatuna ahadi kwamba hautafika.

Tunachokisema

Ama atakayesema, "Mungu yupo kwa sababu maabara imeshindwa," huyo ameijenga imani ya kijana wetu juu ya barafu. Siku maabara itakapofaulu, kijana ataona imani yake inayeyuka. Na atakayesema, "Maabara ikifaulu, Mungu hayupo," amechanganya maswali mawili. Mwanakemia anaeleza jinsi kitu kinavyotokana na kitu. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo chochote, na kwa nini maumbile yana kanuni zisizovunjika, hilo halipimwi kwa chupa.

Kuhusu kuumbwa kwa Nabii Adam (a.s.), hilo lina dalili zake na mjadala wake, na siyo maudhui yetu hapa. Qur'ani imetufundisha kwamba kila kilicho hai kimetokana na maji (Al-Anbiyaa: 30), na imetuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza (Al-Ankabut: 20). Aliyeamrishwa kutazama hana sababu ya kuogopa atakachokiona.