Mwanafunzi wa uuguzi akivunjika moyo, aulizwe kabla ya kuhimizwa

Mwishoni mwa miaka ya 1950, hospitali moja ya kufundishia jijini London ilimwita mtafiti Isabel Menzies aisaidie kutatua tatizo lililoonekana kuwa la ratiba tu: wanafunzi wa uuguzi wagawiwe vipi wodini bila masomo yao kuharibika. Alichokikuta kilikuwa kizito zaidi. Karibu theluthi moja ya wanafunzi hawakumaliza mafunzo, na wengi wa hao waliondoka kwa kutaka wenyewe. Tena hawakuwa dhaifu. Katika andiko lake la mwaka 1960, Menzies alieleza kwamba idadi isiyo ndogo ya walioacha walikuwa miongoni mwa wanafunzi bora, waliopevuka na wenye uwezo wa kukua katika kazi.

Aligundua pia kwamba hospitali ilikuwa na mazoea ya kumkinga muuguzi dhidi ya uchungu wa kazi yake. Mgonjwa alitajwa kwa namba ya kitanda na kiungo kinachomsumbua. Kazi ziligawanywa vipande vipande ili mwanafunzi asikae muda mrefu na mtu mmoja, na kabla hajazoea wodi alihamishiwa nyingine. Uchungu ulibaki palepale. Kilichopungua ni watu wa kuwaeleza.

Anayezifahamu wodi zetu hatashangaa. Kijana anatoka kidato cha nne, anaanza stashahada ya miaka mitatu, anajifunza kuchoma sindano kwenye mwanasesere katika chumba cha mazoezi, kisha anapelekwa wodini. Huko anakuta muuguzi mmoja mwenye wagonjwa kupita uwezo wake, glavu za kuhesabu, ndugu wanaofoka, na usiku mmoja mtoto anayefariki akiwa mikononi mwake. Asubuhi anatakiwa darasani. Mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikadiria kuwa takriban wanafunzi 34 wa uuguzi kati ya kila 100 walikuwa na sonona.

Akijikaza akamweleza mkubwa wake, jibu mara nyingi analijua kabla halijatoka: uuguzi ni wito, kaza moyo, sisi tulipita magumu kuliko haya. Maneno hayo husemwa kwa upendo, na huenda aliyeyasema kweli aliteseka zaidi. Lakini yanafunga mazungumzo. Mwanafunzi anaelewa kwamba kuchoka ni kukosa wito, kwa hiyo safari nyingine hasemi. Anaanza kuchelewa zamu. Anamjibu mama mjamzito kwa ukali ambao mwaka mmoja nyuma ungemshtua yeye mwenyewe.

Ipo namna nyingine ya kuzungumza naye, na ilianzia mbali na vyuo vya uuguzi. Mwaka 1983, mwanasaikolojia Mmarekani William Miller alichapisha makala kuhusu kuwasaidia watu wenye tatizo la pombe. Mawazo yake yaliiva alipokuwa Norway, ambako wanasaikolojia vijana walimkatiza kila alipoonyesha mfano wa mahojiano na kumtaka aeleze kwa nini ameuliza hili na kuliacha lile. Mwaka 1991, yeye na Stephen Rollnick walitoa kitabu kilichoieneza njia hiyo. Leo ushauri nasaha huu wa kuamsha hamasa hutumika kwa wagonjwa wa kisukari, kwa wanaotumia dawa za VVU na kwa wanaotaka kuacha sigara.

Msingi wake ni kwamba mtu anayesitasita ana nia mbili kwa wakati mmoja. Ukimtajia wewe sababu zote za kubaki, unamwachia kazi moja tu, kutaja sababu za kuondoka. Na binadamu huamini zaidi anayojisikia akiyasema kwa kinywa chake kuliko anayoambiwa. Basi mshauri anauliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, anarudisha alichokisikia ili kuhakiki kama ameelewa, anatambua jitihada za kweli, kisha anakusanya yaliyosemwa. Tuchukue mazungumzo ya kubuni:

“Shikamoo, Mwalimu. Naona bora niache tu hii kozi.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Imekuwaje mpaka ukafika hapo?”

“Juzi leba nilichelewa kuleta vifaa, sista akanifokea mbele ya mama anayejifungua. Nikajiona si chochote.”

“Uliaibishwa mbele ya mtu uliyekuwa unamhudumia.”

“Ndiyo. Na yule mama alikuwa amenishika mkono.”

“Tuseme kuanzia sifuri hadi kumi, kuwa muuguzi kuna uzito gani kwako leo?”

“Labda nne.”

“Kwa nini nne, isiwe moja?”

“Kwa sababu... yule mama hakutaka niuachie mkono wake. Alisema nikiwepo haogopi.”

Mwalimu angeuliza “mbona nne tu?”, angepewa orodha ya malalamiko. Kwa kuuliza kwa nini haikuwa moja, amemfanya mwanafunzi aitafute mwenyewe sababu iliyobaki hai. Mhadhara wa wito usingeigusa, kwa kuwa mhadhiri hakuwa leba usiku ule. Kuanzia hapo wanaweza kupanga jambo dogo: kuomba kuonyeshwa mahali vifaa vinapokaa kabla zamu haijaanza, au kumfuata sista zamu ikiisha na kuzungumza naye. Mwalimu akiwa na ushauri wa kutoa, anaomba ruhusa kwanza. Aulize pia upande wa pili, yaani ni nini kinachomvuta kuondoka. Mwanafunzi akiishia kuamua kwamba kazi hii si yake, mshauri hajashindwa. Akimsukuma abaki kwa hila, ameshindwa hata kama kijana atavaa sare siku ya mahafali.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, walioshirikiana katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitumia miongo kadhaa kuchunguza kinachomfanya mtu afanye kazi kwa moyo. Wanataja mahitaji matatu: kuona kuwa una kauli juu ya unachofanya, kuona kuwa unakiweza, na kuona kuwa u miongoni mwa watu wanaokujali. Kumfokea mwanafunzi mbele ya mgonjwa kunayapiga yote matatu kwa pigo moja. Mazungumzo kama yale ya hapo juu yanaanza kuyarudisha.

Je, kuna ushahidi? Mapitio ya mwaka 2005 yaliyokusanya majaribio 72 yalionyesha kuwa njia hii ilishinda ushauri wa kawaida katika takriban asilimia 80 ya tafiti. Hata mazungumzo ya dakika 15 yalikuwa na matokeo katika asilimia 64. Waliochunguzwa katika majaribio hayo walikuwa wagonjwa, na haitakuwa haki kuwauzia wakuu wa vyuo takwimu hizo kana kwamba zilipimwa kwa wanafunzi wao. Kwa wanafunzi wa uuguzi ushahidi bado ni mchanga. Pia haitoshi kuwapeleka wakufunzi semina na kurudi na vyeti: mwaka 2004 Miller na wenzake walionyesha kuwa ujuzi unaopatikana kwa semina peke yake hufifia, na kwamba unaoshika ni ule unaofuatiwa na mtu wa kukusikiliza ukifanya kazi na kukurekebisha.

Kuna jambo ninalolisisitiza kuliko mengine. Anayemsikiliza mwanafunzi asiwe ndiye anayempa alama. Kijana hawezi kusema kwamba analia kila zamu ya usiku mbele ya mtu atakayesaini kitabu chake cha mazoezi. Wala ushauri nasaha usigeuzwe dawa ya kumzoesha matusi, au njia ya kumfanya avumilie kuziba pengo la watumishi. Mwaka 2023 dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Upungufu huo hauwezi kubebwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Wapo pia ambao mazungumzo hayawatoshi. Mwanafunzi aliyepoteza usingizi, hamu ya kula na furaha kwa wiki mbili au zaidi apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Anayezungumzia kujidhuru apelekwe siku hiyohiyo, akisindikizwa.

Chuo chenye mshauri mmoja kinaweza kuanza na mazungumzo katika nyakati mbili: wiki inayotangulia mazoezi ya kwanza wodini, na siku chache baada ya mwanafunzi kushuhudia kifo kwa mara ya kwanza. Kinachohitajika ni makubaliano ya maandishi kati ya chuo na hospitali kwamba muda huo ni sehemu ya mafunzo, na kwamba muuguzi kiongozi wa wodi hatamwandika mwanafunzi kuwa ametoroka zamu.