Shangingi la mnadani laweza kummaliza mkulima asiyejua kulitunza

MASIKA yanapoanza katika bonde la Kilombero, kati ya Machi na Mei, njia nyingi za udongo zinazotoka Ifakara kwenda mashambani hugeuka tope. Ndipo watu huanza kuyatazama kwa tamaa yale magari makubwa yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo Watanzania wameyapachika jina la mashangingi.

Zamani shangingi lilikuwa gari la waziri, katibu mkuu au mkuu wa mradi wa wafadhili. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alijulikana kwa kupinga Serikali kununua magari hayo kwa sababu ya gharama zake. Leo hii Toyota Land Cruiser VX za miaka ya 1990 zimezeeka. Nyingine zilivuliwa namba za STK au DFP, zikapigwa mnada, na sasa ziko mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara wa kawaida.

Bei ya mnadani ndiyo inayowaponza wengi. Gari lililonunuliwa kwa mamilioni mengi huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Lakini kilichoshuka ni bei ya gari, si bei ya vipuri. Beringi ya gari kuukuu haiuzwi kwa bei ya ukuukuu.

Mkulima anayetaka kuzitumia fedha za mpunga kununua gari hilo hana budi kwanza kujua analinunua kwa kazi gani. Land Cruiser VX ina uzito wa zaidi ya tani mbili, lakini uwezo wake wa kubeba ni kama kilo 700, watu wakiwemo. Kwa hiyo gunia sita za mpunga na watu wawili zinatosha kulijaza. Anayetaka kusafirisha mazao atapata faida zaidi kwa pikapu au kwa kukodi fuso. Shangingi linamfaa anayehitaji kufika shambani wakati wa mvua, kupeleka mbegu na vibarua, au kumuwahisha mgonjwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara.

Habari njema ni kwamba matatizo mengi yanayoyaua magari haya huanza na mambo madogo, ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani akiwa na spana, jeki na bomba la grisi.

Maji kwenye difu

Tangu Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018, magari hayasubiri tena kivuko kuvuka mto Kilombero kwenda Mahenge na Malinyi. Hata hivyo, kwenye njia za mashambani bado kuna madimbwi na vijito vinavyofika katikati ya gurudumu.

Difu ikitoka safari ndefu huwa ya moto. Ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta hewa nyingine kutoka nje. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia kwa ajili hiyo. Kikizibwa na tope lililokauka, difu huvuta maji kupitia kwenye sili. Maji yakichanganyika na oili, meno ya gia na beringi huanza kuliwa kimya kimya.

Dawa yake ni rahisi. Kifungue kitundu hicho, kisafishe, kisha unganisha mpira mwembamba na kuupandisha hadi juu, karibu na injini. Kila baada ya kuvuka maji mengi, legeza nati ya difu na utazame oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote siku hiyo hiyo. Kila difu huchukua karibu lita tatu tu, na lita tatu za oili ni nafuu mno kuliko difu nzima.

Mkanda wa taimingi

Injini za dizeli za lita 4.2 zilizofungwa kwenye nyingi ya VX hizo hutumia mkanda wa taimingi, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na injini ikaharibika.

Kwenye dashibodi kuna taa inayowaka mkanda unapofikia muda wake. Mnunuzi asiitegemee, kwani inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Kama muuzaji hana maandishi yanayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa haujabadilishwa, na gharama yake uiingize kwenye bei ya kununulia. Kazi hii apewe fundi anayeifahamu.

Vumbi, pumba na dizeli chafu

Kiangazi nacho kina adui wake. Vumbi likipita chujio la hewa lililochanika, hula silinda na pete za pistoni. Chujio lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na likichanika litupwe. Mbegu za nyasi na pumba za mpunga huziba rejeta, na injini ikachemka. Imwagie maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo, ili mapezi yake yasipinde.

Anayenunua dizeli kwenye madumu aichuje kwa kitambaa safi. Chini ya chujio la dizeli kuna mahali pa kufungua ili maji yaliyotuama yatoke. Pafunguliwe mara kwa mara, kwani maji yakifika kwenye pampu, gharama yake hutisha.

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka kuni za magurudumu, kisha egemeza ekseli kwenye magogo imara. Uzito wa tani mbili hautoi nafasi ya pili.

Vya anasa viondolewe

Baadhi ya mashangingi, kama Range Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1994, hukaa juu ya mipira ya hewa badala ya springi. Ikitoboka, gari hulala chini. Land Cruiser VX za kuanzia 1998 nazo zipo zenye mfumo wa hydroliki wa kupandisha na kushusha bodi. Wamiliki wengi wa magari hayo yaliyozeeka hufunga springi za kawaida, ambazo fundi yeyote anaweza kuzibadilisha. Gari hupoteza ulaini wake, lakini halimwachi mtu porini.

Mwisho, mwenye gari awe na daftari. Aandike kilomita, tarehe, oili aliyomwaga na kipuri alichofunga, pamoja na bei yake. Mwisho wa msimu ajumlishe na kulinganisha na kazi ambayo gari limemfanyia. Ikiwa limekula zaidi ya lilichosaidia kuingiza kwa misimu miwili mfululizo, aliuze lingali linatembea. Shangingi lililokufa uani hulaliwa na kuku, na fedha zilizolinunua ndizo zingelima ekari za msimu ujao.