Sabufa na Ujirani Mwema

Hapa kwetu Nkoroi, asiye na sabufa huisikia ya jirani. Wengi wakiinunua hudhani kazi yake ni kutingisha mabati kama matatu za Rongai. La hasha! Sabufa ikisikika peke yake, ujue haijapatana na spika zingine. Nitaeleza jinsi ya kuzipatanisha.

Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi 1. Spika ndogo haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa besi nzito, ndipo sabufa hubeba sauti zilizo chini ya hezi 80 hadi 120 hivi.

Kwanza, zima stima na uchomoe plagi. Sabufa yenye amplifaya ndani yake huunganishwa kwa waya wa RCA kutoka tundu lililoandikwa SUB OUT. Isiyo nayo hutumia waya wa spika: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Lakini chunga omu! Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi mzigo huo. Zitachemka, hata ziungue.

Pili, zungusha kitufe cha kugawa sauti hadi hezi 80. Spika zako zikiwa ndogo sana, panda kuelekea 120. Halafu jaribu swichi ya 0 na 180 ukiwa umeketi mahali pako. Upande mmoja besi itakuwa nene. Mwingine itafifia, kwa sababu sabufa inasukuma hewa huku spika zikiivuta. Chagua penye unene.

Tatu, mahali pa kuiweka. Katika chumba cha mita 3, besi ya karibu hezi 57 hurundikana ukutani na kufifia katikati. Basi weka sabufa kitini pako, cheza wimbo, kisha tambaa kandokando ya ukuta ukisikiliza. Penye besi safi, ndipo pake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Sasa, jirani je? Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu. Ukuta huzuia sauti nyembamba, lakini besi hupenya. Ndiyo maana mtahiniwa anayesoma chumba cha pili haambulii wimbo wala maneno, ila du-du-du tu hadi usiku wa manane. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 zinadhibiti kelele pamoja na mitetemo. Hata kabla ya sheria, kuna utu: usiku ukiingia, punguza sauti ya sabufa yenyewe. Wimbo utabaki, naye mwenzako atasoma.

Sabufa iliyopatana na spika haivumi. Muziki hukamilika tu. Inayovuma usiku kucha, wahenga waliisema zamani: debe tupu haliachi kuvuma.