Nani Achunguze Mkonge?

Leo tutazungumza juu ya uchunguzi. Je, kampuni ifanye uchunguzi wake yenyewe, au iwaachie watu wa nje? Hatutakwenda mbali. Ninyi wa Muheza mwapajua Mlingano, kule Ngomeni.

Mkonge ni mmea wa kungojewa. Hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, na huweza kuishi miaka kumi kabla ya kutoa mlingoti na kufa. Mtu akitaka kulinganisha aina mbili, ni lazima angoje muda huo wote. Akikosea, anaanza upya. Shamba moja, lenye mishahara ya kulipa kila mwezi na bei ya katani isiyotulia, litaweza wapi?

Kwa hiyo kazi hiyo ilifanywa Amani na Mlingano tangu miaka ya 1930. Wenye mashamba walichangia gharama kupitia chama chao. Wataalamu walipandanisha mikonge ya aina mbili, wakapata mkonge chotara, namba 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 maisha yake yote. Chotara hutoa zaidi ya 500. Eka ni ile ile, lakini katani ni nyingi zaidi. Hata hivyo, mashamba yalianza kuupanda kwa wingi katika miaka ya 1960 tu. Hesabuni wenyewe miaka hiyo!

Lakini chotara ulikuja na udhaifu wake. Hushikwa na ugonjwa wa ukungu: majani hupata mistari kama ya punda milia, na shina huweza kuoza, hasa penye unyevu mwingi. Sasa mtaalamu aliye kituoni atajuaje bonde lipi la shamba lako hutuama maji? Anayejua ni mkataji, na mnyapara wake. Shamba likitenga kipande chake cha majaribio, likahesabu majani na kupima katani kila baada ya kukata, litajua mapema mahali pa kuupanda na mahali pa kuuacha. Shamba lisilo na mtu wa kupima hulipia uchunguzi, kisha karatasi za wataalamu hulala kabatini.

Haya, chukueni madaftari. Andikeni jina la zao mnalolima. Chini yake andikeni maswali mawili: moja la kumpelekea bwana shamba, na moja mnaloweza kulijibu wenyewe kwa kuhesabu.