Damu ya Kahama, maabara ya Mwanza

Ukiulizia maabara katika mitaa ya Nyasubi, Kahama, huenda ukaulizwa kwanza unapima nini: damu au mchanga? Swali ni la haki. Kahama ni mji wa migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na, hadi 2021, Buzwagi, na mwenye kiroba cha mawe hutaka kujua kiasi cha dhahabu kabla ya kulipia karasha, mashine ya kusaga mawe.

Maabara ya damu ya mtaani nayo ni biashara nyepesi kuielewa. Unalipa, unapimwa malaria au sukari, unaondoka na majibu. Maabara ya utafiti haiendi hivyo. Anayetolewa damu halipi, na anayelipa hajawahi kufika Kahama.

Kituo kikubwa cha kazi hii Kanda ya Ziwa ni Mwanza. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa 1971, chuo kikuu cha afya kikaanza hapo 2003, na jirani kipo kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoundwa kwa sheria ya 1979. NIMR na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine wanaendesha kitengo cha majaribio, MITU. Jina la Mwanza lilivuma duniani 1995, utafiti wa vijijini ulipoonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Faida ya kazi hiyo haionekani kwenye hesabu za maabara. Wasichana 930 wa Mwanza walishiriki jaribio la chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, kulinganisha dozi moja na mbili au tatu. Dozi moja ilionekana kutosha kuamsha kinga. Shirika la Afya Duniani likaikubali 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja 2024. Chanjo ya msichana mmoja sasa inatosha wawili. Mnufaika ni anayelipia chanjo; maabara yenyewe haipati hata senti ya punguzo hilo.

Mkoa wa Shinyanga, ilimo Kahama, una mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu unahesabika kwa shilingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao wa Tanzania waliwapa watu walioanza dawa za VVU katika kliniki nne fedha kidogo kila mwezi waliohudhuria. Wasiopewa kitu, asilimia 73 walikuwa bado kwenye tiba na virusi vimefubazwa baada ya miezi sita. Waliopewa shilingi 10,000, asilimia 83. Waliopewa 22,500, asilimia 86. Ongezeko la shilingi 12,500 lilileta pointi tatu tu. Mfanyabiashara yeyote wa Kahama angejua pa kusimama.

Lakini gharama za kupata jibu kama hilo ni za fedha za kigeni: vitendanishi, mashine na vipuri vyake, friza za nyuzi 80 chini ya sifuri zenye jenereta ya akiba. Wafanyakazi wengi wako kwenye mikataba ya mradi. Mradi ukiisha, na mshahara umeisha. Mei 2025 taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, ilisitisha utaratibu wa vyuo inavyovifadhili kugawia fedha washirika wa nje hadi mfumo mpya uwekwe, na hapo ndipo utegemezi ulipoonekana waziwazi.

Mfadhili wa mbali huchagua pia maswali. Swali la VVU lina mnunuzi. Vumbi la karasha, linaloharibu mapafu na kukifungulia njia kifua kikuu, mnunuzi wake ni adimu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2017, migodi hukubaliana na halmashauri mpango wa mwaka wa kuchangia jamii. Fedha hizo hupenda madarasa na zahanati, vitu vya kukatia utepe. Sioni kwa nini sehemu yake isilipie vipimo vya mapafu ya wachimbaji wadogo, kwa mkataba na Bugando, sampuli zikitolewa Kahama na majibu yakirudi Kahama.