Katiba Tuisome Wenyewe, Tusingoje Kusomewa

Kila msimu wa siasa twaambiwa Katiba yasema hivi, Katiba yasema vile. Ni wangapi tumeifungua? Katiba ya 2010 ina sura 18 na vifungu 264, lakini si lazima uanze mwanzo. Nenda maktaba ya umma, uliza nakala ya Kiswahili, uanze na linalokugusa. Una kesi ya mirathi? Kifungu 170: Kadhi huisikiza iwapo wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama yake. Kijana wako amekamatwa? Kifungu 49: afikishwe kortini ndani ya saa 24, zikiisha wikendi, siku ya korti inayofuata. Ardhi ya jamii? Kifungu 63. Nakili maneno na nambari ya kifungu, kisha ndipo uende ofisini kudai haki yako.